Hilux ya 2L na Kitonga: hatimaye imepanda kwa gia tatu

Wakuu, imepanda! Mlima Kitonga wa njia ya Iringa wote gia tatu, kwenye zile kona kali tu ndo nikashuka mbili, na nyuma nilibeba magunia ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Naandika usiku huuhuu maana kwa furaha niliyonayo usingizi hauji.

Injini ni ile dizeli ya Toyota inayoitwa 2L, ya kawaida, cc 2,446, haina turbo, hp 80 na kitu enzi za upya wake, kwa hiyo mwendo wa V8 sikuwa nautafuta. Mimi nilichotaka ni gari isife katikati ya mlima. Maana ilikuwa hivi, Kimara mpaka Kibaha kwenye zile njia nane inakaa 90 bila shida, Mikumi mchana wote tunaenda 70 kwa hiyo hakuna wa kumsumbua mwenzie, ila ukishaanza Kitonga, kidogo tu inakata pumzi, tatu, mbili, moja, nyuma una semi na mabasi yanakuwashia full na pembeni hakuna pa kuwapisha. Inatisha sana, na ukiwa na familia ndani ndo usiseme.

Mafundi karibu wote jibu lao moja, mwinuko huo, dizeli isiyo na turbo ndo zilivyo. Nozo za kupulizia dizeli zikapimwa, vali zikasetiwa, taimingi ikaangaliwa, filta zote mpya, tanki likashushwa likaoshwa. Hela imeondoka, Kitonga ikabaki vilevile.

Kilichonifungua macho ni moshi. Pampu zetu hizi za dizeli za zamani hazijui uko Chalinze au Iringa, zinamwaga mafuta yaleyale, halafu hewa huko juu inapungua, kila mita 1,000 unapoteza kama asilimia 10 ya nguvu, na mafuta yaliyokosa hewa yanatoka moshi mweusi. Sasa yangu ilikuwa inakufa bila moshi! Dogo akatoa kichwa dirishani kuangalia ekzosti, akaniambia bro hamna kitu, safi kabisa. Dizeli inalemewa mlimani, mguu uko chini mpaka mwisho, halafu moshi hamna? Hiyo haijakosa hewa, hiyo ina njaa ya mafuta.

Nikatafuta mpira unaoonyesha ndani, mrefu, nikaufunga kati ya filta na pampu nikaupitisha pembeni ya boneti mpaka mbele ya kioo nikaubana na tepu. Ikiwa sailensa, yani inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, safi. Ukipiga resi imesimama, safi. Tukaanza kupanda, mapovu hayo yanakimbia mfululizo na gari ikaanza kufa palepale tukiyaangalia.

Shida sasa ni hewa inaingilia wapi, na hapa ndo pameniumiza kichwa kuliko pote. Upande huu wa kabla ya pampu, pampu inavuta toka kwenye tanki, haisukumi, kwa hiyo penye upenyo dizeli haivuji nje, hewa ndo inaingia ndani. Unafuta kila kiungo kwa kitambaa cheupe kinatoka kikavu, na fundi anakuapia haivuji, na ni kweli haivuji. Nikabadilisha mipira ya tanki, klipu, na washa za kuzibia viungo, mapovu yapo. Nikafunga kidumu cha dizeli kwenye trei nikaleta mpira moja kwa moja kwenye filta, yapo! Nikairuka filta na kichwa chake, nikaweka kafilta kadogo ka kwenye mpira, yakaisha. Kumbe ni ile pampu ya mkono juu ya filta, mpira wake wa ndani umepasuka ufa mwembamba kama unywele, ukiwa mjini unaziba, injini ikivuta kwa nguvu unafunguka. Nimefunga kichwa kipya cha filta, basi.

Halafu hizi klipu za kukaza na bisibisi kwenye mipira midogo ya mafuta mi sizitaki tena, zinaukata mpira na hazibani duara sawa. Na zile mashine za kompyuta za kupima gari bakini nazo, kwenye 2L hakuna hata pa kuichomeka, mpira wa kuona ndani umenisaidia kuliko vyote.

Mpango ulikuwa nikimaliza hapa nifunge geji ya joto la ekzosti kisha niongeze mafuta kidogo kwenye pampu. Nimeachana nao kwanza, maana wakati napanda nikawaza matairi. Aliyeniuzia alifunga 265/75R16, ya kiwandani ni 205R16, tofauti ya kimo ni kama asilimia 9, yani kila gia imekuwa nzito kwa kiasi hicho na spidi mita inadanganya, ikisoma 50 pale kijijini mimi nakaribia 55 na tochi iko mbele. Nimeshapata 205 nne, Jumamosi nafunga, na nina imani zile kona kali nazo zitaingia tatu.