Skrini ya terminali ikivurugika, usikimbilie kufunga dirisha

Wengi wakiona dirisha la PuTTY, programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri) inayotumika kuingia kwenye seva kwa mbali, limejaa alama zisizosomeka, hukimbilia kulifunga. Mimi nasema subiri kwanza.

Nahudumia kompyuta za duka moja la vipuri hapa Moshi. Seva yao iko Arusha, hivyo kazi nyingi tunazifanya kwa mbali. Jioni moja bakapu ya stoo ilikuwa inaendelea kwa nyuma, dada wa hesabu akafungua faili kwa amri ya cat, inayomwaga yaliyomo kwenye skrini. Kumbe halikuwa faili la maandishi. Palepale herufi ndogo zote zikageuka mistari, pembe na alama nyingine, huku herufi kubwa na namba zikibaki vilevile.

"Kaka, nifunge nifungue upya?"

"Hapana dada, iache hivyohivyo."

Tungefunga, muunganisho ungekatika na bakapu ingekatika nao.

Kule kubaki salama kwa herufi kubwa ndiko kulikonipa jibu. PuTTY huiga terminali za ukoo wa VT100, mashine ambayo kampuni ya DEC iliitoa mwaka 1978. Terminali hizo zina seti ya alama za kuchorea mistari, nayo hukalia nafasi za herufi ndogo. Ndani ya faili zikipita baiti za Esc, mabano ya kufungua na sifuri, kwa mfuatano huo, terminali inahamia kwenye seti hiyo na haitoki mpaka iamriwe. Seva haina habari. Lililovurugika ni dirisha tu.

Nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye upau wa juu wa dirisha, nikachagua Reset Terminal, nikagonga Enter. Herufi zikarudi. Nikaandika jobs, amri inayoorodhesha kazi zilizo nyuma, na bakapu ilikuwa bado inakimbia. Nilifurahi kweli, maana ile ndiyo nakala ya mauzo ya mwezi mzima.

Kwenye xterm, programu nyingine ya terminali, shikilia Ctrl, bofya kitufe cha kati, chagua Do Full Reset. Kwenye Linux amri ya reset nayo inatosha, hata kama husomi unachoandika.

Kuna hali nyingine: herufi ni safi, ila unachoandika hakionekani, na Enter haifanyi kitu. Mara nyingi ni programu iliyokufa ghafla ikaacha mipangilio ya laini upande wa seva imevurugika, na Reset Terminal haifiki huko. Bonyeza Ctrl+J badala ya Enter, andika stty sane, amri ya kurudisha mipangilio hiyo, kisha Ctrl+J tena. Hutaona herufi hata moja wakati unaandika; endelea tu mpaka mwisho.