Siku yangu ya ukaguzi: asubuhi Gazi, jioni Bamburi

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta nimeshaamka, natafuta viatu vya matope. Kazi yangu ni kukagua. Wafanyabiashara wa hapa Mombasa hutoa tuzo ndogo kila mwaka kwa biashara inayotunza mazingira, na kabla jopo halijakaa, mimi hutumwa kuona kwa macho yale yaliyoandikwa kwenye fomu. Leo nafuatana na kijana aliyeanza kazi wiki hii.

Saa 12 na nusu, feri ya Likoni. Kijana kwao ni Kinango. Ananieleza, macho yako majini, kwamba ukame ule wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, uliwamaliza ng'ombe wote wa babu yake. "Dada, sasa tuzo itarudisha mvua?"

Sitaki kumpa jibu la kumnyamazisha. Namwambia ninalolijua: kabla ya mkataba wa tabianchi wa Paris wa 2015, dunia ilikuwa ikielekea kuongezeka joto kwa karibu nyuzi 4 kufikia mwisho wa karne. Kwa sera zilizopo leo tunaelekea karibu nyuzi 3. Bado ni balaa, na babu yake keshaionja. Lakini kila sehemu ya nyuzi iliyopungua kuna watu waliotoka jasho kwa ajili yake, na sisi leo tunakwenda kuwaona wachache.

Saa 2 na robo, Gazi. Matatu ya Lunga Lunga inatushusha barabarani, bodaboda inatuingiza kijijini. Maji yamekupwa, mizizi ya mikoko imesimama nje kama miguu ya kaa. Miaka ya 1970 msitu huu ulikatwa ovyo ili kulisha matanuri ya chokaa na matofali. Watafiti wa bahari, akiwemo Dkt. James Kairo, wakaanza kupanda upya mwaka 1991 pamoja na wanakijiji, na mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Hekta 117, takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Siri iko kwenye tope: halina hewa, majani na mizizi huoza polepole mno, kaboni ikabaki humo kwa karne na karne. Fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mgombea wetu hayumo kwenye mradi huo. Yuko hatua chache kutoka diko, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, chini ya paa la makuti. Ni mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, wa miaka mingi.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Mmekunywa chai?"

Tunakunywa chai, mahamri na mbaazi, ndipo anatuonyesha friza lake. Linaendeshwa na sola, amelinunua kwa mkopo wa chama. Bei ya paneli duniani imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu 2010. Mambo ya viwanda vya mbali, lakini bila huko kushuka friza hili lisingefika Gazi. Zamani samaki asipouzwa mapema ilibidi akaangwe upesi, na kukaanga ni kuni. Leo anauza wabichi hadi Diani, kuni zimepungua, na wenzake huweka samaki wao humo kwa ada ndogo.

Kisha anatoa daftari la shule lililolainika pembeni kwa mafuta. Mistari imepigwa kwa rula: siku, kilo nilizonunua, nilizouza, zilizooza. Nafungua kurasa za zamani. Safu ya mwisho imejaa: 6, 4, 9, siku moja ya masika 15. Naendelea kufungua, namba zinapungua, kisha vinaanza kuonekana vistari vitupu.

"Nani alikufundisha hivi, mama?"

"Marehemu mume wangu alikuwa karani. Akisema, usichokiandika utajidanganya."

Nimeshika daftari lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Miaka miwili iliyopita niliweka sahihi yangu kwenye ripoti ya kampuni moja iliyopanda miche mbele ya kamera. Mwaka uliofuata nikapita pale kwa shughuli nyingine, nikaikuta imekauka, mingine ingali ndani ya nailoni zake. Tuzo walikuwa nayo tayari. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni lile lile: nini kimesimama baada ya wapiga picha kuondoka?

Saa 9 alasiri, Bamburi. Kila karani mpya namleta Haller Park, ajue kusimama kunafananaje. Hapa penye msitu leo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, jua na chumvi. Mwaka 1971 Rene Haller, mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miche ya aina 26. Aina 3 tu zikaishi, mvinje ukiwa mmojawapo. Ila majani ya mvinje yalikataa kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Akaleta majongoo. Yakala majani, yakaacha mbolea, udongo ukaanza kujengeka juu ya jiwe. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ukamtia kwenye orodha yake ya heshima ya Global 500, miaka 16 baada ya kuanza. Ningependa tuzo zote zingechelewa hivyo.

Kijana ameinama, jongoo mkubwa mwekundu wa miguu anapanda kiganja chake.

"Lakini dada, saruji yenyewe?"

Ameuliza panapouma. Saruji hutoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa ya dunia, kwa sababu mbali na moto wa tanuri, jiwe la chokaa lenyewe likichomwa hutoa kaboni. Msitu huu haufuti hesabu hiyo. Namwambia aliandike swali hilo kwenye fomu, tuwaulize wagombea wote: mnachokisifu ni kipi, na mnachokitoa ni kiasi gani? Anaandika amesimama, jongoo bado mkononi.

Saa 1 usiku, nyumbani. Naandika ripoti. Nimepoteza namba moja, nampigia mama wa Gazi.

"Samahani mama, kwa usiku. Jana zilizooza zilikuwa ngapi?"

"Ngoja nivae miwani." Nasikia kurasa zikifunguliwa. "Jana? Nimepiga kistari, mwanangu."