Nafasi Tupu Kati ya Sitaha

Ndugu wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Luka 10:30-37, na neno lililonishika ni lile linalosemwa juu ya kuhani, kwamba alimwona aliyejeruhiwa kisha akapita kando. Macho yake hayakuwa na kasoro. Kilichogeuka ni miguu.

Nimelisoma nikimkumbuka Sir William Dolben, mwenye cheo cha kurithi cha baroneti, wa Finedon katika Northamptonshire, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1727 katika ukoo wenye mashamba na aliyekiwakilisha Chuo Kikuu cha Oxford bungeni kwa miaka mingi. Mwaka 1788, akiwa ameshapita miaka 60, umri ambao kabaila wa aina yake angeweza kabisa kukaa kwake akihesabu kodi za wapangaji, aliteremka hadi Mto Thames kuitazama meli iliyokuwa ikiandaliwa kwenda Afrika kuchukua watumwa. Hakumkuta mtumwa hata mmoja. Alichokiona ni nafasi tupu kati ya sitaha na sitaha, ambamo watu wangelazwa kwa majuma mengi baharini, na nafasi hiyo ilimtosha. William Wilberforce, mbunge aliyeongoza mapambano dhidi ya biashara ya watumwa, alikuwa mgonjwa wakati ule, na hoja ya kuikomesha biashara yenyewe ilikuwa imeahirishwa. Dolben hakungoja. Alipeleka bungeni muswada wa kuweka kikomo cha watumwa ambao meli ingeweza kubeba, wafanyabiashara wa watumwa wa bandari ya Liverpool wakaupinga, nao ukawa sheria mwaka uleule.

Napenda kumsifu, lakini naomba tuisome sheria yenyewe. Iliruhusu watu 5 kwa kila tani 3 za meli hadi kufikia tani 201, na kuanzia hapo mtu 1 kwa kila tani iliyozidi. Nahodha aliahidiwa pauni 100, na tabibu wake pauni 50, endapo waliokufa njiani hawakuzidi 2 katika kila 100. Meli ya watumwa iitwayo Brooks, iliyowahi kubeba watu 609, sasa ilitakiwa isizidi 454. Na ule mchoro mashuhuri wa Brooks uliosambazwa na wapinzani wa biashara hiyo mwaka 1789, wenye miili iliyopangwa bega kwa bega mpaka hapana pa kutia mguu, ulionyesha meli inayoitii sheria ya Dolben.

Hapo ndipo ninaposhindwa kumpa mahali katika mfano wa Bwana wetu. Hakupita kando, wala hakumpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Alimpunguzia tu msongamano kati ya wanyang'anyi. Lakini Msamaria naye hakuyamaliza yote siku ile, kwa maana alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari 2 na ahadi ya kurudi. Sheria ya 1788 ilikuwa ya muda na ilihitaji kuhuishwa, na Dolben aliirudia kazi hiyo huku akiwaunga mkono waliotaka biashara yote ikome. Aliuacha ubunge mwaka 1806. Bunge liliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, yeye akiwa na miaka 80 na hana tena kura ya kupiga.