Kumbukumbu ya mradi: ratiba ya madrasa kwenye kalenda, saa zimekubali

Alhamdulillahi, leo faili limeingia lote kwenye Kalenda ya Google na kila darsa imekaa siku yake na saa yake. Ya mwanzo kwa ufupi: CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mkato, yenye vichwa vya safu kwa Kiingereza (Subject, Start Date, Start Time na wenzake), unaingiza kwa kompyuta maana kwenye app ya simu sehemu hiyo haipo, na unaanza na kalenda tupu ya majaribio ili mambo yakivurugika uifute yote kwa mpigo. Tarehe nazo, Kalenda ya Google inataka mwezi utangulie, kwa hiyo 5/6 yetu usipoigeuza inasomwa 6 Mei.

Kilichonitesa ni saa. Maalim anatuma ratiba WhatsApp vile watu wa Mombasa tunavyosema, saa 2 na nusu usiku, saa 1 kasorobo, saa 11 alfajiri, na skripti yangu ya Python, yaani programu fupi niliyoiandika, lazima izigeuze zote. Mchana hauna shida, ongeza 6 basi, saa 10 jioni inakuwa 16:00. Usiku niliuongezea 18, saa 2 ikawa 20:00, safi, lakini saa 8 ikawa 26, maana yake imeshavuka kwenda siku ya pili, nikaweka sharti la kusogeza tarehe mbele, halafu alfajiri ikataka sharti lake, masharti yakarundikana na bado kila "usiku wa Ijumaa" ilikuwa inakaa Ijumaa baada ya Isha wakati watu wanakusanyika Alhamisi!

Nikamuuliza Maalim, akanijibu kwa upole tu, "Mwanangu, jua likizama Alhamisi Ijumaa imeshaingia." Hili nalijua tangu utotoni, kila mtu hapa analijua, ila kuliona ndani ya hesabu ni jambo jingine. Siku ikianza magharibi, usiku unatoa 6 na mchana unaongeza 6, kwisha. Usiku wa Ijumaa 5/6/2026 saa 2: mbili toa sita ni hasi nne, rudi saa nne nyuma kutoka 0:00 ya tarehe 5, unatua Alhamisi tarehe 4 saa 20:00. Saa 8 ya usiku huohuo inatua 2:00 ya tarehe 5 yenyewe. Saa 11 alfajiri 5:00. Masharti yote nimeyafuta!! Kasorobo unaitoa mwisho. Ile "Ijumaa usiku", yaani baada ya mchana wa Ijumaa, ndiyo pekee iliyobaki na njia yake, inasukumwa siku moja mbele. Nimefurahi mpaka nimempigia ndugu yangu usiku kumsomea laini mbili za skripti.

Kuhusu vifaa, CSV usiifungue na programu ya majedwali kabla ya kuingiza, zile zina tabia ya kugeuza tarehe bila kukuuliza, mimi natumia Notepad++, programu ya kuandikia maandishi matupu, na nasevu kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Halafu CSV haibebi matukio ya kujirudia, kwa hiyo nilipanga kuhamia ICS, aina ya faili la kalenda linaloweza kubeba kujirudia, wiki hii niandike kanuni ya kila Alhamisi mara moja tu.

Lakini ICS itasubiri, kwa sababu mjomba wangu mvuvi ameiona kalenda akauliza kama maji kujaa na kupwa yanaweza kukaa humo pia. Na hapo kujirudia hakusaidii kitu, maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kila tukio lazima liandikwe peke yake, ndiyo kazi hasa ya faili la maandishi. Jedwali nimeshaanza kulichapa, bamvua, yaani siku za maji makubwa, nitazipa rangi yake ndani ya kalenda ili azione kwa mbali, na nataka ukumbusho umlilie saa moja kabla maji hayajaanza kutoka.