Mama alifuta kidole kwanza

Leo benki, Barabara ya Kampala. Mlangoni wameweka kioo kikubwa cha kugusa: unachagua huduma, kinakutemea karatasi ya namba.

Mbele yangu alikuwepo mama mtu mzima, kikapu mkononi. Akakitazama kile kioo. Akafuta kidole kwenye leso, taratibu, kama anayetaka kumshika mtoto mchanga.

Ndipo akagusa.

Kimya.

Basi foleni nzima ikageuka walimu! Askari wa mlangoni, kijana wa boda na helmeti yake, mimi. "Bonyeza hapo, mama!" "Si hapo, chini!" Watu ambao muda mfupi nyuma hatukuwa hata tumesalimiana (na hapa kwetu hilo ni kosa, jamani).

Mwaka 1991 Mark Weiser, mtafiti wa Xerox PARC, maabara ya kampuni ya Xerox kule California, aliandika kwamba kompyuta zitasambaa, nyingine za mkononi, nyingine za ukubwa wa ubao wa ukutani, mpaka tusizitambue tena. Labda. Ya leo tuliitambua sote, tena tukaizunguka.

Namba ilipotoka, mama akaiambia mashine: "Webale nnyo." Yaani asante sana, kwa Kiganda.

Nyie wa Jinja, Mbale, Arua, mmeshakutana nazo? Nani aliwaelekeza?