Saa tisa na nusu, kwenye stoo ya mbao

Jumatano iliyopita nimefundisha Kiswahili kwenye stoo ya mbao. Chumba tulichopangiwa kilikuwa na kikao cha walimu, kingine kimefungwa na mwenye funguo kashaenda zake, basi tukaishia kule nyuma ya karakana wanakojifunzia useremala, watoto wanne na mimi, mmoja kakalia boksi, misumeno imening'inia ukutani, na ilikuwa saa tisa na nusu alasiri mwezi wa kumi na moja, yaani nje giza lishaanza kuingia na wenzao wote wapo mpirani au wako nyumbani. Tukaanza methali zetu hivyo hivyo. Kabinti kamoja ka darasa la tatu kakanitazama kakaniuliza, "Mwalimu, kwani Kiswahili ni somo kweli?"

Hilo swali sijalitua mpaka leo.

Mi ni mwalimu wa lugha ya nyumbani hapa Uswidi, wenyewe wanaita modersmål, huu mwaka wa tisa. Asubuhi nipo shule hii, mchana ile, jioni ya tatu, begi moja mgongoni, basi na treni, na sehemu nyingi hata kabati la kuwekea vitabu sina. Na kabla sijalalamika niseme kitu kimoja wazi, hii kazi yenyewe kuwepo ni jambo kubwa sana. Tangu mageuzi ya 1977 komuni, ndo wanavyoita manispaa huku, zina wajibu wa kuwafundisha watoto lugha wanayoongea nyumbani, bure, na mwalimu analipwa na komuni. Masharti yake ni kwamba lugha iwe inatumika nyumbani kila siku, mtoto awe anaijua angalau kiasi, wafike watoto watano wanaoitaka, na apatikane mwalimu anayefaa. Kuanzia darasa la sita mtoto anapewa gredi, na hiyo gredi inaweza kuingia kwenye yale masomo 16 bora anayoombea nayo nafasi ya sekondari ya juu. Kwa hiyo ndiyo mwanangu, ni somo, na A yake inahesabika sawasawa na A ya hisabati. Nilimjibu hivyo. Ila yeye hakuuliza sheria inasema nini, alikuwa anaangalia misumeno na saa ya ukutani, na mtoto wa miaka tisa anajua kabisa vitu vya maana vinawekwa wapi na saa ngapi.

Sasa kuna jambo limenichukua miaka kulielewa kuhusu shule za huku, na nikilieleza kwa watu wanaokuja wapya naona macho yao yanafunguka. Kitu kilicho cha wote kinakuja chenyewe. Chakula cha mchana kinakuja chenyewe, ni sheria, bure kwa kila mtoto wa shule ya msingi, tajiri na maskini wanapanga foleni moja na sahani zilezile. Vitabu vinakuja vyenyewe, nesi wa shule yupo. Hapo nawavulia kofia, nimeona watoto waliokuwa wanafukuzwa shule kwa ajili ya mchango leo wanakaa darasani bila mtu kuwadai hata senti. Lakini kitu kinachomhusu mtoto asiyefanana na wengine, hicho hakiji, lazima ukiombe. Lugha ya nyumbani unaiomba. Mkalimani unamuomba. Msaada wa kueleweshwa masomo kwa lugha yako unauomba, kisha unaukumbushia, kisha unauomba tena. Na anayejua kuomba ndo anayepata.

Chukua fomu yenyewe ya kuomba lugha. Kwenye komuni nyingi ipo mtandaoni, imeandikwa kwa Kiswidi, na kuifungua unahitaji BankID, yaani kitambulisho cha kwenye simu, ambacho hukipati mpaka uwe na namba ya kitaifa na akaunti ya benki, na mama aliyefika juzi hana kimojawapo. Kuna komuni wana fomu ya karatasi pia, ila lazima ujue kwamba ipo na nani wa kumuuliza. Nimekutana na familia mbili mwaka mmoja, mtaa mmoja. Moja baba ni injinia, alisoma huku huku, fomu kaijaza siku ya kwanza na barua pepe kaandika mbili kuulizia. Nyingine mama analea watoto wanne peke yake, anafanya usafi usiku, hakuwahi kuisikia hiyo fomu kwa miaka mitatu, na alidhani (hili liliniuma sana) kwamba kuongea Kiswahili na wanawe ni kuwachelewesha, kwa hiyo alikuwa anaongea nao Kiswidi chake cha kuokotaokota. Yaani watoto wamekosa Kiswahili cha mama, na Kiswidi walichopewa ni cha kubahatisha. Haki zao ni zilezile kwenye karatasi, hakuna aliyemnyima huyu mama kitu, na wala hakuna aliyemwambia.

Nije kwa kijana mmoja ambaye simtaji jina. Alikuja na miaka 12 kuungana na mama yake, kamaliza darasa la sita Tanzania shule ya serikali, hisabati zote kazisoma kwa Kiswahili. Kwa sheria mtoto mgeni anatakiwa apimwe anachokijua ndani ya miezi miwili, na upimaji huo unatakiwa ufanyike kwa lugha anayoielewa, ili usije ukapima Kiswidi chake ukadhani umepima akili yake. Kwenye shule aliyopelekwa walifanya haraka haraka bila mkalimani. Wakamuandika hajui sehemu, wakampa kitabu cha watoto wa darasa la tatu, picha za pizza zimekatwa vipande. Mimi nimeitwa baada ya miezi mitano kumsaidia, ule msaada wanauita studiehandledning, ni mtu anakaa na mwanafunzi anamfafanulia somo lenyewe kwa lugha yake. Nikamuandikia theluthi moja jumlisha robo tatu. Akanitazama kama vile nimemuuliza jina lake, akasema, "Natafuta KDS kwanza, mwalimu, si ndiyo?" Kigawe Kidogo cha Shirika! Kumi na mbili, nne juu ya kumi na mbili, tisa juu ya kumi na mbili, kumi na tatu, kamaliza, na akageuza kuwa namba mchanganyiko bila kuambiwa. Mwalimu wa hisabati alikuwa pembeni, ni mtu mzuri sana, mkweli, aliona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. Siku hiyohiyo kijana kapewa kitabu cha wenzake. Kitu pekee alichokuwa hajui ni kwamba asili, ile namba ya chini ya sehemu, kwa Kiswidi inaitwa nämnare.

Miezi mitano hiyo. Kila siku anaingia darasani anajua jibu na hana mlango wa kulitolea, kisha anarudi nyumbani na kitabu cha pizza. Mama yake aliniambia alikuwa ameacha kabisa kuongea mezani.

Na kuhusu wazazi, kuna ile mikutano ya maendeleo ya mtoto, angalau mara moja kila muhula, mwalimu, mzazi na mtoto mwenyewe. Mkalimani unastahili kupata na hulipii. Lakini asipoitwa mapema, nani anatafsiri? Mtoto. Mwalimu anasema mwanao amekosa vipindi vingi na tuna wasiwasi, mtoto anamgeukia mama, "Anasema niko vizuri ila nijitahidi kidogo." Mama anatabasamu na kushukuru, mwalimu anaona mama hajali. Nimehadithiwa hivyo na mama mwenyewe, alikuja kujua mwaka uliofuata. Norwe wametunga sheria ya ukalimani, inatumika tangu Januari 2022, inakataza kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura na mambo machache, na natamani kila nchi ya huku iige hilo moja.

Ila kwenye lugha Norwe wenyewe wanaumiza kwa namna nyingine. Kule mtoto, inapobidi, ana haki ya kufundishwa kwa lugha ya nyumbani mpaka pale Kinorwe chake kitakapotosha kufuata masomo, basi. Lugha ya mama ni kama ngazi, ukishapanda wanaiondoa. Denmark ndo wamekwenda mbali zaidi, 2002 walifuta wajibu wa komuni kufundisha lugha za nyumbani, wakaubakiza kwa watoto wa nchi za Umoja wa Ulaya na eneo la kiuchumi la Ulaya, pamoja na wa Visiwa vya Faroe na Greenland. Yaani mtoto wa Kijerumani haki anayo, wa Kisomali kisheria hana, na wanakaa dawati moja. Ufini lugha ya nyumbani ipo ila ni nyongeza nje ya mtaala wa elimu ya msingi. Dini ndo wamenifurahisha, watoto watatu wa dini moja wakifika kwenye komuni na wazazi wakiomba wanafundishwa dini yao, Waislamu wanasoma Uislamu palepale shuleni, na wasio na dini wana somo lao la maadili. Lakini umeona, hapo napo wazazi wakiomba.

Kuna kitu kingine kinanikera nikisikia watu wanaongelea utofauti mashuleni kama jambo lililoshuka na sisi kwenye ndege. Jamani, hizi nchi zilikuwa na lugha nyingi kabla babu zetu hawajaisikia Skandinavia. Wasami, wenyeji wa asili wa huku, wapo kaskazini tangu enzi, na shule ndo ilikuwa chombo cha kuwanyoosha. Norwe mwaka 1898 ilitoa agizo kwamba Kisami na Kikveni (lugha ya watu wa kaskazini wenye asili ya Ufini) visitumike darasani ila pale inaposhindikana kabisa, na ule mpango wa kuwafanya wote Wanorwe ulidumu vizazi na vizazi, bunge lao limekuja kuomba radhi Novemba 2024. Hapa Uswidi walifanya la ajabu zaidi, 1913 wakaweka shule za wahamaji, watoto wa Wasami wanaofuga reindeer, wale kulungu wa nchi za baridi, wakasomeshwa kwenye mahema na kupewa elimu pungufu kwa makusudi eti wasije wakaipenda starehe wakaacha mifugo, na watu wa bonde la Torne, mpakani na Ufini, watoto wao wakakatazwa kuongea lugha yao shuleni. Ukiangalia vizuri huyu kaumizwa kwa kulazimishwa afanane, na yule kaumizwa kwa kutengwa abaki alivyo, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Niliwahi kukaa kwenye semina na mwalimu wa Kisami, mama mtu mzima. Aliniambia bibi yake alikuwa anaijua lugha na hakumfundisha mama yake, kwa kumhurumia, asije akapata shida shuleni. Yeye kajifunza ukubwani, darasani, na kamusi. Nikamkumbuka yule mama wa usafi wa usiku. Maneno yaleyale, kwa kuwahurumia.

Tarehe 24 Oktoba, siku ya Umoja wa Mataifa, shule nyingi zinafanya sherehe. Kina mama wanaamka saa kumi alfajiri kukaanga sambusa, watoto wanavaa vitenge, bendera kila kona, mwalimu mkuu anatoa hotuba nzuri na anaimaanisha, naamini hivyo. Mi napenda ile siku, watoto wangu wanang'aa. Ila ninachotaka ni dogo kuliko sherehe. Nataka chumba chenye ubao, kila wiki chumba kilekile. Nataka kipindi kiwe saa nne asubuhi au saa sita, akili ya mtoto ikiwa bado macho, mtoto asilazimike kuchagua kati ya Kiswahili na mpira, maana nikishindanishwa na mpira nashindwa, na wawili wameshaniacha mwaka huu kwa hilo. Nataka mwalimu wa darasa ajue jina langu. Hayo hayahitaji bunge, mwalimu mkuu ana uwezo wa kuyapanga kwenye ratiba, na nina shule moja wamefanya hivyo, kipindi kipo katikati ya siku, na pale sijawahi kuulizwa kama Kiswahili ni somo.

Basi kama upo Uswidi unasoma hapa na una mtoto, fomu za muhula ujao kwenye komuni nyingi zinafungwa muda si mrefu, tarehe zinatofautiana kwa hiyo piga simu shuleni kesho asubuhi. Sema neno modersmålsundervisning, hata ukilitamka vibaya watakuelewa. Kama mtoto kafika karibuni uliza kapimwa lini, kwa lugha gani, na uombe kuona walichoandika. Kabla ya mkutano waambie mapema unataka mkalimani wa Kiswahili, na ukiweza waandikie, ibaki kwenye maandishi. Kama hujui kuandika Kiswidi nitumie ujumbe nikuandikie, sitozi kitu. Na kama kwenu wanawaambia hamfiki watano, hesabuni vizuri kwanza, waulizeni Wakongo wa ghorofa ya juu, waulizeni Warundi na wale Wakenya wa kanisani, Kiswahili chao ni Kiswahili. Komuni moja jirani walikuwa wanahesabiwa watatu miaka miwili mizima. Tulipokwenda mlango kwa mlango tulipata kumi na mmoja.