Nilivyojifunza Kukosoa na Kukosolewa katika Picha za Sura

Ugumu wa kukosoa picha ya sura ni kwamba ndani yake wamo watu wawili, aliyepiga na aliyepigwa, na neno moja lisilopimwa laweza kuwaumiza wote. Ukisema "amependeza", umemsifu aliyekaa mbele ya kamera, pengine na fundi wake wa nguo, lakini mpiga picha hujamwambia lolote. Ukisema "hapa bado", umemvunja moyo bila kumwonyesha pa kurekebisha. Mimi hupiga picha za watu hapa Tanga, na katika kikundi chetu kidogo kinachokutana Jumapili alasiri kwenye studio ya mwenzetu, Ngamiani, kwa muda mrefu hatukuwa na maneno mengine zaidi ya hayo.

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa tuache kuonyeshana picha kwenye simu. Katika kioo kidogo kila sura huonekana kali, yaani iliyo wazi bila ukungu, na kasoro kubwa kuliko zote za picha za karibu, yaani fokasi (pale lenzi inapolenga ukali wake) kuangukia kwenye kope au ncha ya pua badala ya jicho, haionekani kabisa. Ukitumia lenzi ya milimita 85 ambayo tundu lake limefunguliwa sana, hadi f/1.8, na mtu yuko hatua mbili kutoka kwako, sehemu iliyo kali ni sentimita chache tu, kwa hiyo akigeuza uso kidogo, jicho moja litakuwa kali na la pili limefifia. Tukaanza kuleta picha zilizochapishwa, za sentimita 20 kwa 30, tukaziweka mezani. Mwenye picha hunyamaza kwanza. Watazamaji husema macho yao yalikwenda wapi mwanzo. Kisha yeye hueleza alichokusudia. Na hapo ndipo tunakosoa, kwa sharti kwamba kila anayekosoa aweke kidole mahali hasa anapopasema. Sharti hilo la kidole limetusaidia kuliko mengine yote, kwa sababu asiyeweza kuonyesha mahali mara nyingi hugundua mwenyewe kwamba hakuwa na hoja bali hisia.

Kwa wakubwa ilibaki kazi. Kikundini tuna mzee aliyeanza kazi enzi za filamu, ambaye wengi wetu tulimbebea taa, na hakuna kijana aliyethubutu kumwambia jambo. Siku moja alileta picha ya bibi harusi ambayo kivuli cha pua kilikuwa kimeteremka hadi kwenye mdomo. Nikamwambia, "Mzee, naomba kuuliza, kivuli hiki ulikitaka kifike hapa?" Akaitazama kwa muda, akajibu, "Hapana, mwanangu. Taa ilikuwa juu mno, na ile stendi ilikwama haishuki." Baada ya hapo alitufafanulia kwa kirefu jinsi alivyokuwa akikisoma kivuli cha pua ili kujua kimo cha taa kabla ya kubonyeza, somo ambalo tusingelipata kama tungeendelea kumsifu. Swali la kweli, linaloulizwa na mtu aliye tayari kusikia kwamba jambo lilikusudiwa, halimvunjii mtu heshima.

Kukosoa ninakokuamini zaidi ni kule kunakofanywa kamera ikiwa mkononi. Kijana mmoja alileta picha ya mvuvi mzee mwenye kofia ya kiua na kanzu, aliyesimamishwa uani saa sita mchana, na macho yake yakawa mashimo mawili meusi. Tungeweza kumwambia kwamba jua la utosini halifai na kuishia hapo. Mvuvi yule ni jirani, tukamwomba radhi, akaja siku nyingine saa ile ile. Tulimketisha ndani kidogo ya mlango mkubwa wa nyumba, mahali ambapo jua halimgusi lakini sakafu ya saruji ya nje inawaka, na mwanga ule ukapanda kutoka chini, ukapita kwenye weupe wa kanzu na kuingia chini ya ukingo wa kofia. Katika kila jicho palitokea nukta ya mwanga, ile inayofanya uso uonekane hai. Kijana aliona mwenyewe, na tangu hapo huwa anatafuta mlango kabla ya kutafuta mtu.

Eneo lililohitaji uangalifu mkubwa ni rangi ya ngozi. Kipimo cha mwanga cha kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina ung'avu wa wastani, wa kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera itapunguza mwanga na uso utazama. Ujaze uso ule ule kwenye fremu, kamera itaongeza na ngozi itageuka majivu. Historia nayo haikutusaidia: kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, kadi za rangi ambazo Kodak ilizisambaza katika maabara za kusafisha picha zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Kwa hiyo mtu akisema mezani "amekuwa mweusi sana", sisi humwomba aseme upya. Je, uso umekosa mwanga kiasi kwamba mstari wa taya umepotea? Hiyo ni hoja, na dawa yake ni kuongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, au kusogeza kitambaa cheupe karibu. Au anaona tu kwamba mtu mweusi ametoka mweusi? Hiyo hatuipokei, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona mabibi harusi wakichubuliwa kwenye kompyuta hadi mama zao wasiwatambue.

Ninapokosolewa mimi, huandika kila nililoambiwa daftarini bila kujibu, na hulisoma kesho yake. Waliposema kwamba ukuta wa kijani ulikuwa umepaka shavu la mteja wangu kijani, nilirudi nikaliona, na sasa humsogeza mtu mbali na ukuta uliopakwa rangi kali. Lakini si kila kauli huifuata. Wenzangu kadhaa walitaka nififishe kanga zilizoning'inia nyuma ya mama mmoja, nami nimeziacha kali, kwa tundu dogo la f/8, kwa sababu yeye ndiye anayeziuza. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga watu mbele ya vitambaa vya maua, kikiwemo cha kitandani kwake, na mapambo yale yakazungumza na nguo zao pasipo kuumeza uso. Nilieleza hivyo, wakasikia, baadhi hawakukubali, tukaendelea na picha nyingine.

Kuna mkosoaji mmoja tuliyechelewa kumkaribisha, naye ni mwenye sura. Picha ya mama mwingine ilipita mezani kwetu bila doa. Tuliikabidhi, akaikataa, kwa sababu ushungi ulikuwa umerudi nyuma na nywele za pembeni zinaonekana. Hakuna aliyekuwa ameliona kati yetu. Siku hizi, kabla sijawasha taa, huuliza picha itatundikwa wapi na nani ataiona, na jibu hilo huliandika nyuma ya nakala ninayopeleka kikundini ili wanaokosoa walisome kwanza. Kuhusu kulainisha ngozi bado tunabishana. Mimi huondoa chunusi, kwa kuwa wiki ijayo haitakuwepo, na sigusi kovu wala mikunjo mpaka mwenyewe aombe.